Spika ndogo ya Bluetooth isiyoingia maji: namna ya kuitumia pwani bila kuiua

Spika nyingi zinazokufa pwani haziuawi na maji. Zinauawa na chaja iliyochomekwa zikiwa bado zimelowa, hasa kwa maji ya bahari. Spika inalia ufukweni kutwa nzima, inaanguka majini mara mbili tatu, inaokotwa na kuendelea kulia kama kawaida. Jioni mwenye nayo anafika nyumbani na kuichomeka kwenye umeme. Asubuhi tundu la chaji limeota weusi na ukijani, na taa haiwaki. Sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu namna ya kulikwepa kosa hilo, lakini kuna mambo ya kujua kabla hata ya kufika majini.

Namba ya kwenye boksi

Maneno makubwa ya kwenye boksi kwamba haiingii maji hayana uzito. Tafuta namba inayoanza na IP, ambayo hufuata kiwango cha kimataifa cha IEC 60529. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi na mchanga, ya pili ni ya maji. Pakiwa na herufi X, mtengenezaji hakutoa kipimo cha upande huo.

IPX4 ni ya matone na maji ya kurukia: ikae kando ya bwawa, isiingie. IPX5 inahimili maji yanayorushwa kwa bomba, lita 12.5 kwa dakika kutoka kwenye mdomo wa milimita 6.3. IPX7 imezamishwa kina cha mita 1 kwa dakika 30. IP67 ni hiyohiyo ya kuzama, pamoja na kwamba vumbi haliingii. JBL Flip 5 na Soundcore 2 ya Anker ni IPX7. JBL Go 3 na Flip 6 ni IP67. Kwa mtu wa mchangani, tarakimu hiyo ya kwanza ina faida yake.

Sasa yale ambayo namba haisemi. Majaribio hayo hufanywa kwa maji yasiyo na chumvi, wakati lita moja ya maji ya bahari ina takribani gramu 35 za chumvi. Tena, kuzamishwa taratibu na kupigwa na maji ya kasi ni mitihani miwili tofauti: spika ya IPX7 haikulazimika kufaulu wa IPX5. Ndiyo maana hutakiwi kuiosha kwa mpira wa kumwagilia bustani ukiwa umeubana mdomo kwa kidole, hata kama inaruhusiwa kuzama.

La mwisho ni joto. Katika jaribio la IPX7, maji na kifaa hutakiwa kutopishana zaidi ya nyuzi 5. Spika iliyolala juani saa saba mchana imewaka moto, na hewa ya ndani imetanuka. Ukiitosa ghafla kwenye maji ya baridi, hewa hiyo inasinyaa na kuvuta maji kuelekea ndani kupitia kwenye mipira ya kuziba. Iweke kivulini robo saa kwanza, au iloweshe kidogokidogo.

Halafu kuna feki, ambazo Kariakoo ya Dar na Luthuli Avenue ya Nairobi hazikosekani. Kwenye feki, namba ya IP ni mapambo tu. JBL za familia za Go, Clip, Flip na Charge hazina tundu la memori kadi wala redio ya FM. Ukiona "Flip" yenye vitu hivyo, hiyo siyo. Dalili nyingine ni ile sauti ya mwanamke inayotangaza kwa Kiingereza, kwa nguvu, kwamba kifaa kiko tayari kuunganishwa. Spika halisi za aina hizo huwa na mlio mfupi tu. Flip 5, Flip 6 na Charge 5 za kweli huonekana ndani ya programu ya JBL Portable. Go 3 haionekani humo hata ikiwa halisi, kwa hiyo usiihukumu kwa kigezo hicho. Spika isiyo na jina kubwa si lazima iwe mbaya, ila ichukulie kama IPX4 mpaka ithibitishe vinginevyo.

Kuunganisha na simu

Ichaji mpaka ijae, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde mbili au tatu. Bonyeza kitufe cha alama ya Bluetooth mpaka taa ianze kupepesa. Kwenye spika nyingi za bei nafuu hakuna kitufe hicho: ukiwasha tu inajitafutia, au unabonyeza M kubadilisha kutoka redio kwenda Bluetooth. Fungua Bluetooth ya simu, subiri jina litokee, ligonge. Zile za zamani zikidai namba ya siri, jaribu 0000.

Tatizo linalowasumbua wengi si kuunganisha mara ya kwanza bali ya pili. Spika hukumbuka simu iliyotumika mwisho, na ikiwaka tu inaikimbilia, hata kama simu hiyo iko chumba cha pili mikononi mwa mtoto. Unabaki unaitafuta kwenye orodha na huioni. Zima Bluetooth ya ile simu nyingine, au bonyeza tena kitufe cha Bluetooth cha spika ili iachane nayo. Ikigoma kabisa, ifute kwenye orodha ya simu yako, kisha uirudishe kwenye hali ya kiwandani. Kwenye JBL nyingi unashikilia kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kucheza, spika ikiwa imewaka, mpaka izime yenyewe. Ukiiwasha inakuwa haimjui mtu.

Kabla hujaondoka nyumbani fanya jambo moja ambalo watu hulikumbuka wakiwa wameshachelewa. Kwenye simu ya Android, ingia kwenye mipangilio ya spika hiyo ndani ya orodha ya Bluetooth. Utakuta swichi ya simu zinazopigwa na nyingine ya muziki. Zima ya simu, bakiza ya muziki. La sivyo, anayekudai akipiga, ufukwe mzima utasikiliza. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao hupitia kwenye spika ukiufungua, na swichi hiyo haiuzuii, kwa hiyo ngoja kwanza kabla ya kuugonga.

Mwenye iPhone aguse alama ya "i" pembeni ya jina la spika, achague aina ya kifaa kuwa spika. Simu ikidhani ni hedifoni, huenda ikapunguza sauti kwa ajili ya kulinda masikio.

Kuhusu sauti yenyewe: kwenye simu nyingine kipimo cha simu na cha spika ni kimoja, ukigusa huku kunabadilika kule. Kwenye nyingine ni viwili tofauti, na hapo simu ikae karibu na juu kabisa, mengine uyamalize kwa vitufe vya spika. Ukifanya kinyume, simu chini na spika juu, unasikia mvumo wa upepo nyuma ya muziki.

Sauti inapokatakata

Bluetooth hutumia mawimbi ya 2.4 GHz, na maji huyameza mawimbi hayo vibaya sana. Spika ikizama hata sentimita chache, muziki unakata. Hiyo si hitilafu, acha kuirudisha dukani. Mwili wa binadamu nao ni maji kwa sehemu kubwa. Simu ikiwa mfuko wa nyuma na spika iko mbele yako, wewe ndiye ukuta. Spika ndogo nyingi huhesabiwa mita 10 pasipo kizuizi, na kwenye umati wa watu umbali huo hupungua sana. Iache simu kwenye mfuko mkavu, juu ya meza au iliyotundikwa, iionane na spika. Ikiwa chini ya mkeka au imefukiwa kwenye begi la nguo mbichi, utailaumu spika bure.

Mahali pa kuiweka

Nje hakuna kuta za kurudisha sauti, na kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hushuka kwa takribani desibeli 6. Kwa hiyo kuisogeza spika kutoka mita nne hadi mita mbili kunasaidia kuliko kugandamiza kitufe cha kuongeza sauti. Zaidi ya hapo, spika nyingi zikifikishwa mwisho hupunguza besi zenyewe ili kulinda betri na koni, yaani ile sahani inayotikisika kutoa sauti. Unachosikia ni kelele nyembamba inayokwaruza, huku chaji ikiyeyuka.

Iegemeze kwenye ukuta, gogo au ubavu wa mashua: kitu kigumu nyuma yake kinaongeza besi. Usiilaze kifudifudi mchangani. Spika kama Flip zina sahani mbili za mpira pembeni zinazotikisika besi ikipigwa. Zikizibwa na mchanga, au zikikandamizwa ndani ya kishikio cha chupa, besi inakufa. Na zikichomwa na kidole cha mtoto au kijiti, maji yameshapata mlango. Zikague kila mara unapoisafisha.

Wakati wa kusi, upepo unapobeba mchanga na marashamarasha ya mawimbi, geuza wavu wa spika uangalie mbali na upepo. Mchanga laini ukijaa kwenye kitambaa cha mbele, sauti inakuwa kama ya mtu aliyefunika mdomo.

Kwenye mashua au ngalawa ifunge kamba. Ndogo nyingi huzama. Chache hutengenezwa zielee, kama Wonderboom ya Ultimate Ears, na usidhani yako ni mojawapo kwa sababu tu ni nyepesi. Kile kitanzi cha kitambaa kinatosha kutundikia, lakini kwenye mawimbi pitisha kamba ya pili.

Bafuni ni penye hatari kuliko watu wanavyodhani. Sabuni na shampuu hupunguza ule mkazo wa uso wa maji unaoyafanya yashindwe kupenya kwenye vitundu na vitambaa vidogo. Maji yenye povu hupita mahali ambapo maji matupu yangebaki nje. Mvuke wa maji ya moto nao haumo kwenye jaribio la IPX7. Iweke juu ya rafu mbali na bomba, isioge na wewe.

Kuisuuza baada ya bahari

Hapa ndipo pa kutumia dakika kumi zako. Chumvi ikishakauka inabaki punje zinazokwaruza koni, kunyonya unyevu wa hewani na kula chuma. Isuuze kabla haijakauka, ikiwezekana ukiwa bado ufukweni, kwa maji ya chupa.

1. Izime. Kama ina kifuniko cha mpira kwenye tundu la chaji, kibonyeze pande zote, na ukiona unywele au punje ya mchanga ukingoni, ondoa. Kifuniko kilichochanika au kulegea maana yake ile IPX7 imeshakwisha.
2. Kama ni IPX7 au IP67, izamishe kwenye beseni la maji matamu, uitikise polepole dakika mbili. Mwaga, weka maji mengine, rudia.
3. Mimina kikombe cha maji juu ya wavu ili mchanga utoke. Usichokonoe kwa sindano wala brashi ngumu.
4. Kama tundu la chaji halina kifuniko, kama lilivyo kwenye Go 3 na Flip 6, lisuuze nalo. Chumvi ikibaki humo ni mbaya kuliko maji matamu.
5. Elekeza wavu chini, uigonge taratibu kwenye kiganja mpaka matone yaishe. Kisha igeuze tundu la chaji lielekee chini, uiache kivulini penye upepo.

Angalizo la pwani: visima vingi vya Dar, Unguja na Mombasa vina maji ya chumvi. Ukisuuzia hayo, umehamisha tatizo tu. Yaonje. Yakiwa na chumvi, tumia maji ya mvua au ya kunywa, angalau kwenye suuzo la mwisho. Maji ya bwawa la kuogelea yenye klorini yanataka suuzo hilihili.

Baada ya hapo sauti inaweza kuwa ya kufifia. Ni maji yaliyobaki kati ya wavu na koni. Iwashe, piga wimbo wenye besi nzito kwa sauti ya kati huku wavu ukiangalia chini; utaona vitone vinarushwa nje. Ikiendelea kufifia kesho yake, acha tena ikauke. Usiifukie kwenye mchele: mchele hauharakishi chochote, na unga wake unaingia kwenye tundu. Usiianike juani wala kuipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa sababu joto hulegeza gundi iliyoshikilia ile mipira ya kuziba.

Kuichaji

Subiri saa 12 hadi 24 baada ya kulowa. Sababu ni hii: chaja inaleta volti 5 kwenye pini zilizokaribiana kwa chini ya milimita moja. Kukiwa na tone la maji ya chumvi katikati, umeme unapita humo na kula madini ya pini. Ndio ule weusi na ukijani. Baadhi ya spika hupiga mlio wa onyo zikichomekwa zikiwa na maji. Ukiusikia, chomoa mara moja, usijaribu upande wa pili.

Angalia tundu kwa tochi ya simu. Likiwa limeanza kuota ukijani, spika ikiwa imezimwa, lowesha brashi laini ya meno kwa spiriti ya duka la dawa isiyo na rangi, sugua kidogo, acha ikauke saa moja. Mchanga uliogandamana ndani utoe kwa kijiti cha meno cha mbao. Pini ya chuma ni marufuku.

Spika ndogo hazihitaji chaja kubwa: 5V, 1A inatosha. Kinachowachanganya watu ni waya. Spika nyingi za bei nafuu zenye tundu la USB-C hazichaji kwa waya wenye USB-C pande zote mbili. Ndani yake havikuwekwa vikinza (resistor) viwili vidogo vya kilo-ohm 5.1 vinavyoiambia chaja ya kisasa itoe umeme, kwa hiyo chaja inanyamaza. Rudi kwenye waya wa zamani wenye USB pana upande wa chaja, na taa itawaka. Watu wamezitupa spika nzima kwa sababu hiyo.

Usiichaji ikiwa bado ina joto la jua. Betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zaidi ya nyuzi 45, na spika nyeusi iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari hufika huko kirahisi. Usipoitumia kwa muda mrefu, iache na chaji nusu, uitazame kila miezi mitatu. Iliyosahauliwa kabatini mpaka ikaisha kabisa inaweza kuonekana imekufa: ichomeke, iache saa nzima kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa betri ikishuka sana huanza kupokea umeme taratibu bila taa yoyote.

Saa zinazoandikwa kwenye boksi, 5 kwa Go 3 na 24 kwa Soundcore 2, ni za sauti ya wastani. Ukipiga hadi mwisho, tegemea pungufu sana. Chaji ikikaribia kuisha, spika nyingi hupunguza nguvu ya besi zenyewe, kwa hiyo muziki ukikonda ghafla jioni, angalia chaji kwanza.

Mbili kwa pamoja, na memori kadi

Kama umenunua mbili za bei nafuu za aina moja zenye TWS, yaani uwezo wa spika mbili kupiga pamoja, ziunganishe zenyewe kwa zenyewe kwanza, Bluetooth ya simu ikiwa imezimwa. Ziwashe zote, bonyeza mara mbili (au shikilia, kutegemea aina) kitufe cha kucheza kwenye moja tu, ngoja mlio, ndipo uwashe simu. Ukianza na simu, moja itakamatwa na nyingine itabaki inapepesa. Kwa JBL, kuwa na nembo moja hakutoshi: kila toleo lina mfumo wake wa kuunganisha spika, Flip 4 hutumia Connect+, Flip 5 na Flip 6 hutumia PartyBoost, Go 4 hutumia Auracast, na mifumo hiyo mitatu haizungumzi. Go 3 haina hata mmoja. Uliza kabla ya kununua ya pili.

Kwa spika zenye memori kadi, tumia ya GB 32 au chini yake, iliyofomatiwa FAT32, nyimbo ziwe MP3. Kadi za GB 64 kwenda juu hutoka kiwandani na mfumo wa exFAT, ambao spika nyingi ndogo haziusomi. Redio ikikwaruza, chomeka waya wa chaji: ndio antena yake. Lakini hilo ni la mahali pakavu tu, maana kifuniko kikiwa wazi haina kinga yoyote.

Betri ikichoka baada ya miaka, fundi simu anaweza kuibadilisha. Mwambie aangalie gundi na mpira wa kuziba wakati wa kurudishia. Kwa vyovyote, spika iliyowahi kufunguliwa ihesabu kuwa haina tena IP yoyote, na iishie mezani.